Karpooravalli si ya kikohozi pekee
Ndugu uliyeuliza kama Watamil, watu wa kusini mwa India, hutumia jani nene la mmea wa karpooravalli kwa kikohozi tu, jibu ni hapana, ingawa kikohozi na mafua ya watoto ndiyo matumizi yanayojulikana zaidi katika nyumba za jimbo lao la Tamil Nadu, ambako mmea huu hupandwa chunguni uani. Majani machache huoshwa, hupashwa juu ya moto mdogo mpaka yalegee, kisha hukamuliwa, na maji yake hunywewa kwa kiasi cha kijiko kidogo yakiwa yamechanganywa na asali. Watu wazima huyachemsha pamoja na pilipili manga na tangawizi kavu, na dawa hiyo ya kuchemshwa huitwa kashayam. Tumbo likijaa gesi, wengine hutafuna jani bichi, ambalo hunukia kama mbegu za ajwani kwa kuwa vyote viwili vina thimoli, kemikali ya asili yenye harufu kali. Wapo pia wanaolichovya katika unga wa dengu na kulikaanga kama bajia, lakini hicho mimi nakihesabu kuwa kitafunwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kabisa, kwani inaweza kumsababishia botulizimu, ugonjwa hatari unaotokana na sumu ya bakteria, na anayekohoa huku akipumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja.