Kwa anayetaka kuanza upelelezi binafsi Mombasa

Ndugu, umeuliza ununue kamera gani. Kamera acha kwanza, simu nzuri yatosha. Kazi itakayokulisha mwanzoni ni ya karatasi: wadaiwa waliohama, kampuni za mfukoni, kiwanja kimoja chenye wenyewe wawili. Wateja ni mawakili, nao hulipia ripoti, si hekaya. Leseni pia iulizie mapema, maana sheria ya ulinzi binafsi ya 2016 inawagusa wapelelezi.

Kampuni, omba CR12, yaani taarifa rasmi ya kampuni, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upate wakurugenzi na wenye hisa. Kiwanja, peleka ombi rasmi kwa msajili wa ardhi ukiwa na nambari ya hati.

Anwani ndizo zitakazokutesa. Karatasi ya kesi inasema mdaiwa anakaa mtaa wa Buxton, ukifika nyumba za zamani zilishavunjwa. Mlinzi wa geti hajui kitu. Mtafute mwenye pikapu au mkokoteni aliyebeba vyombo vyake, na mwenye duka aliyekuwa akikopesha. Tena usiandike "jengo jeupe lenye buluu": tangu amri ya 2018 ya kupaka majengo rangi hizo, katikati ya mji mengi ni hivyo. Andika kichochoro, mlango umeelekea wapi, duka la jirani.

Mji wa Kale usikae kuvizia. Wazee wa barazani watakujua mgeni kabla kahawa haijapoa. Nenda na shughuli ya kweli, na usijifanye askari wala mtu wa stima.

Kufuata gari ndiko wengi huumbuka, hasa kwenye feri ya Likoni. Ukijipanga nyuma ya unayemfuata kwenye foleni, yeye akaingia feri nawe ukafungiwa lango, basi tena. Wewe vuka mapema kwa miguu, hakuna nauli. Mwenzio abaki kisiwani akupigie gari likiingia, na bodaboda iwe tayari ng'ambo. Lakini hakikisha kwanza kwamba atapita hapo, kwani kutoka Miritini barabara ya Dongo Kundu humfikisha Pwani ya Kusini bila feri.

Karani wa benki au wa kampuni ya simu usimhonge. Sheria ya kulinda data za watu ya 2019 ipo, na wakili makini hataigusa karatasi hiyo.

Picha na video usizitume kwa WhatsApp kama ushahidi: hubanwa, na taarifa za saa na mahali hupotea. Hifadhi faili asili, nakili kwenye flashi mbili, uandike siku hiyo hiyo nani alipiga na kwa simu gani. Wakili atayahitaji hayo kuandaa cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kile cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na sahihi itakuwa yako.