Tsunami na "maji ya kina kifupi"

SWALI: Tumefundishwa kwamba tsunami ni wimbi la maji ya kina kifupi. Ile ya Desemba 26, 2004 ilivuka Bahari ya Hindi, yenye kina cha maelfu ya mita. Je, jina limekosewa?
Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Halijakosewa. Kinachotazamwa ni kina kikilinganishwa na urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele hadi kilele. Kina kikiwa chini ya 1/20 ya urefu huo, maji ni ya kina kifupi, na kasi ni √(gh): h ni kina kwa mita, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, 9.8.

Kwa kupima haraka, chukua kipindi, yaani sekunde kati ya kilele na kilele, kizidishe kwa chenyewe, kisha ugawe kwa 40. Unapata kikomo cha kina kwa mita. Wimbi la upepo la sekunde 8 lina kikomo cha mita 1.6 tu; tsunami ya sekunde 1,000, mita 25,000. Hakuna bahari inayofika hata nusu ya kina hicho! Kujaa na kupwa kwa maji, kila baada ya saa 12 na dakika 25, nako kumo kundi hilohilo.

Wengi hukosea hapa: huchukua urefu wa wimbi la sekunde 8 kwenye bahari kuu, mita 100, wakagawa kwa 20 na kupata mita 5. Lakini wimbi hufupika likija pwani. Penye kina cha mita 5 limebaki na urefu wa kama mita 53. Kipindi hakibadiliki, ndiyo maana tunaanza nacho.

SWALI: Wimbi la tsunami likifika pwani hupanda kiasi gani?

JIBU: Penye kina cha mita 4,000 huenda kama kilomita 713 kwa saa, penye mita 10, kilomita 36. Sehemu ya nyuma huisogelea ya mbele na kimo hupanda. Kanuni ya Green, inayokadiria kupanda huko, inatumia kipeuo cha nne cha uwiano wa vina: 4,000 ÷ 10 ni 400, kipeuo chake cha nne 4.5, hivyo kimo cha nusu mita kinakuwa mita 2.2. Kanuni hiyo haihesabu msuguano wala wimbi linalorudishwa na miamba, na haifai kimo kinapokaribia kina. Hapo kilele, chenye maji mengi chini yake, hulipita bonde kwa kasi, uso wa mbele ukasimama wima. Hapo tumia milinganyo ya Saint-Venant ya mwaka 1871, inayoeleza mwendo wa maji ya kina kifupi.