Ukitaka kuanza Daredevil, chagua mchoraji kwanza

Kila anayeniuliza aanzie wapi kusoma Daredevil namjibu hivi: achana kwanza na namba za matoleo, tafuta jina la mchoraji. Katuni hii ilianza 1964 na imepita mikononi mwa wachoraji wengi. Matt Murdock ni yuleyule, wakili kipofu wa New York ambaye usiku huvaa kinyago akapigana na wahalifu. Ila kila aliyemchora alikutana na swali lilelile: utamwonyeshaje msomaji dunia ambayo shujaa mwenyewe haioni? Mimi husoma nikitafuta jibu la swali hilo.

Bill Everett alipochora toleo la kwanza, vazi lilikuwa na manjano mengi. Wally Wood akaligeuza jekundu katika toleo la 7, mwaka 1965, na wekundu huo ndio tunaomtambulia Daredevil hadi leo. Baadaye akaja Gene Colan, ambaye binafsi naona hasifiwi inavyostahili. Kwake miili hupinda na kutiririka, vivuli hutanda kama moshi. Hadithi nyingi za kipindi chake zimezeeka, michoro haijazeeka.

Halafu 1979, toleo la 158, akaingia kijana Frank Miller. Wakati huo jarida lilikuwa likitoka kila baada ya miezi miwili na mauzo yalikuwa hafifu. Miller alianza kama mchoraji tu. Kuanzia toleo la 168 akashika na uandishi, na humo ndimo Elektra, muuaji wa kukodiwa aliyewahi kuwa mpenzi wa Murdock, alipotokea mara ya kwanza. Angalia visanduku vyake vya picha: virefu, vyembamba, vimebanana kama majengo ya mji wenyewe. Mapigano huenda kwa kurasa kadhaa karibu bila neno, nawe unajua kila pigo limetoka wapi. Hapo ukipita haraka umejinyima. Mimi kurasa hizo huzipitia mara mbili, mara ya kwanza bila kusoma maneno kabisa, nikifuata macho yanakovutwa.

Usimsahau Klaus Janson. Ndiye aliyetia wino penseli za Miller, yaani alipitisha wino juu ya michoro yake ya penseli, na baadaye Miller akawa anatoa mpangilio wa ukurasa tu, Janson akimalizia mchoro. Ukali ule wa mistari na weusi ule mzito, sehemu kubwa ni mkono wake. Ndiyo maana nawasihi wasomaji wapya wasome majina yote mwanzoni mwa toleo, la mtia wino na la mtia rangi pia. Mara nyingi unahisi kitu kimebadilika ilhali mchoraji wa penseli ni yuleyule. Jibu liko kwenye majina hayo.

Mwaka 2001 Alex Maleev alianza kuchora hadithi za Brian Michael Bendis. Sura za watu zinakaribia picha za kamera, kuta zinaonekana chafu na zenye kutu, na Murdock anaonekana mtu aliyechoka kweli. Ukipenda hadithi za uhalifu, anzia hapa.

Ukitoka kwa Maleev moja kwa moja hadi matoleo ya 2011, yaliyoandikwa na Mark Waid, utashtuka. Paolo Rivera na Marcos Martín walileta rangi angavu na mistari safi, na wengine huacha hapo wakiamini Daredevil lazima awe wa giza. Nakuomba usiache. Hawa ndio waliolijibu swali la upofu waziwazi kuliko wote: namna Murdock anavyotambua vitu kwa masikio na hisi zake nyingine kali imechorwa kama mistari inayozunguka umbo la kila kitu, na sauti zimeandikwa ndani ya mchoro, pale pale zinapotokea. Katika kurasa za Rivera, wino ulitiwa na baba yake mzazi, Joe Rivera.

Mchoraji akibadilika katikati ya mfululizo unaoupenda, mpe matoleo matatu kabla ya kuamua. La kwanza jicho bado linamdai yule wa zamani. Hakikisha pia kama mgeni huyo amekuja kukaa au anashikilia toleo moja tu wakati mwenyewe anapumzika. Wa namna hiyo hawatoshi kukufanya uhukumu mfululizo mzima. Na kama mfuko unaruhusu kitabu kimoja tu, nunua mkusanyiko wa Miller na Janson.