Nairobi hadi New York: usiishie kwenye saa za ndege

Watu wakisikia nimewahi kwenda New York, huniuliza ni saa ngapi angani. Jibu la haraka: ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, safari iliyoanza Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Lakini ukipanga safari kwa jibu hilo peke yake, utahangaika.

Wengine huangalia umbali kwenye simu, kilomita 11,800 hivi, wakagawanya kwa mwendo wa ndege wa kilomita 900 kwa saa, wakapata 13. Hesabu ni sawa, ila imesahau upepo. Kule juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unakupinga, ukirudi unakusukuma. Ongeza na dakika za ndege kuzungukazunguka uwanjani kabla ya kuruka.

Kinachochanganya zaidi ni tiketi yenyewe. Kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji husika. Binamu yangu aliona ndege inaondoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, 23:00 na kutua 06:00, akashangilia: "Kumbe ni saa saba tu!" New York iko nyuma yetu kwa saa 8 msimu wao wa baridi, na kwa saa 7 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, maana wenzetu husogeza saa zao mbele. Kurudi ndiko kunakomeza siku: ukiruka Ijumaa saa saba mchana wakati wa baridi, unashuka Nairobi Jumamosi saa tano asubuhi. Kwa hiyo usimwahidi bosi Jumamosi.

Halafu kuna ndege za usiku wa manane. Tiketi ikisema Alhamisi 00:30, huo ni usiku wa kuamkia Alhamisi. Unatoka nyumbani Jumatano jioni. Ukienda Alhamisi usiku, ndege yako imeshakwenda tangu usiku wa kuamkia leo.

Na jioni yenyewe, jamani, ni foleni ya Mombasa Road, barabara ya kwenda uwanjani! Ukitokea Rongai au Kikuyu, mvua ikiwa imenyesha, usione aibu kutoka nyumbani muda wa saa tano kabla ya ndege kuruka. Expressway, ile barabara ya kulipia, inasaidia ukishaifikia. Kazi ni kuifikia.

Je, upitie Doha au Addis kwa sababu nauli ni nafuu? Mimi naona inategemea unasafiri na nani. Kwa Doha, utaruka kwa muda wa saa tano hivi, kisha takriban 14 nyingine, na katikati yake kuna kusubiri. Kusubiri kwa saa mbili au tatu kunavumilika. Kwa saa tisa, ukiwa na mtoto mdogo au mama mwenye magoti mabovu, nauli uliyookoa utaitamani uirudishe.

Kama New York siyo mwisho wa safari, labda unaendelea hadi Dallas au Minneapolis, acha angalau saa nne kabla ya ndege inayofuata. Mizigo unaichukua mwenyewe hapo hapo unapoingilia Marekani, hata kama kibandiko kinaonyesha mji wa mwisho. Unapanga foleni ya uhamiaji, unasubiri sanduku, unapita forodha, ndipo unalikabidhi tena na kukaguliwa upya.