Binti yako na wikendi yake ya kwanza ya mbio za ski: yatakayomkuta tangu Ijumaa jioni

Shikamoo mama, na karibu Minnesota, huku kaskazini mwa Marekani. Umesema binti yako wa miaka 14 ameandikishwa na kocha wake kwenye mbio za ski za masafa, Jumamosi na Jumapili, huko kaskazini Biwabik. Umetaja hofu tatu: baridi, mtoto kuwa wa mwisho mbele ya watu, na ninyi wazazi kufika pale msijue mfanye nini. Najibu kwa sababu nimepita njia hiyo hiyo. Nililetwa huku kutoka Moshi nikiwa na umri kama wake. Kule nilikua nikiiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa mbali tu, sijawahi kuigusa. Niliingia timu ya shule, nikashindana hadi nikamaliza sekondari, na siku hizi majira ya baridi nawasaidia makocha kufundisha wadogo. Ushauri wangu ni kwamba mwache aende, na wewe nguvu zako ziweke kwenye nguo kavu na chakula. Hayo mawili ndiyo yanayoamua mtoto atafikaje Jumapili saa sita mchana.

Kwanza tuelewane ni mchezo gani, maana wengi wetu tukisikia ski tunafikiria wale wanaoporomoka mlimani. Huu ni mchezo wa pumzi. Unapanda, unashuka, unasukuma tambarare kwa miguu na mikono, na kisigino hakikufungwa kwenye ski, ule ubao mrefu mwembamba wa mguuni. Mitindo iko miwili. Klasiki ni kwenda na mifereji miwili iliyochorwa kwenye theluji, mguu huu mbele, ule nyuma. Skati ni kusukuma ski pembeni, kulia na kushoto, kwenye njia pana iliyosawazishwa, na ndiyo yenye kasi zaidi. Wikendi nyingi za vijana huwa na mtindo mmoja Jumamosi na mwingine Jumapili, ndiyo maana utamwona anabeba jozi mbili za ski na fimbo za urefu tofauti. Za skati zinafika usawa wa kidevu au mdomo, za klasiki zinaishia begani au chini kidogo. Usishangae ukadhani amebeba vitu vya mtu mwingine.

Ijumaa. Kutoka Minneapolis hadi kituo cha ski cha Giants Ridge, pale Biwabik, ni mwendo wa saa tatu na zaidi, na timu hupenda kufika kabla giza halijaingia ili vijana waipitie njia. Mruhusu kocha awachoshe kidogo jioni hiyo, ina faida kubwa. Mtoto anajifunza kilima kipi kina mwendelezo baada ya kile unachodhani ndiyo mwisho, na kona ipi ina barafu. Mimi nilikuwa napenda kuipita njia mara ya pili nikiwa kimya, nikijiambia hapa nitavuta pumzi, hapa nitasukuma kwa mikono miwili. Siku ya mbio hakuna nafasi ya kufikiri.

Usiku huo kuna kazi ya nta, na hapa naomba univumilie nirefushe kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ya mchezo huu ninayoipenda kuliko zote. Ski za skati zinapakwa nta ya kuteleza peke yake. Nta inayeyushwa kwa pasi, inasambazwa chini ya ski nzima, inaachwa ipoe, halafu inakwanguliwa na kupigwa brashi mpaka uso unang'aa. Theluji mpya ya baridi kali ina chembe zenye ncha na inataka nta ngumu. Theluji iliyokaribia kuyeyuka inataka laini. Klasiki ina fumbo zaidi. Pale katikati, chini ya unyayo, unapaka nta ya kushika. Ukikanyaga kwa nguvu, katikati ya ski inabonyea, chembe za theluji zinajichomeka kidogo kwenye nta na ski inagoma kurudi nyuma, nawe unapata pa kujisukumia. Ukiondoa uzito, katikati inanyanyuka na ski inateleza. Nta ikiwa ngumu mno, mguu unaponyoka kila hatua ya kupanda. Ikiwa laini mno, theluji inagandamana chini ya ski na unabaki umesimama. Kwenye barafu au theluji iliyoyeyuka ikaganda tena hutumiwa klista, ambayo inanata kama asali na ikishika suruali haitoki.

Nayasema yote haya ili Jumapili binti akikwambia ski hazikushika, umwamini. Hali ya hewa inaweza kugeuka kati ya saa mbili asubuhi na saa nne, na nta iliyokuwa sahihi ikakataa. Zamani watu wenye fedha walinunua unga wa florini wa bei kubwa sana ulioipa ski kasi. Shirikisho la Kimataifa la Ski, FIS, limeupiga marufuku kabisa tangu msimu wa 2023/24, kwa sababu kemikali zile haziozi, zinabaki kwenye udongo na maji, na zina madhara kwa afya ya wapakaji. Kwa familia kama zetu hiyo ni nafuu kubwa. Mbinu na pumzi vimepanda thamani.

Jumamosi mara nyingi ni mbio fupi. Asubuhi kila mmoja anapita peke yake kilomita moja na ushei, wakiachiwa mmoja baada ya mwingine kila sekunde 15. Kifundoni amefungwa chipu ya kupima muda. Kwa kanuni za kimataifa wenye muda bora 30 wanaingia robo fainali, makundi matano ya watu sita sita. Wawili wa kwanza wa kila kundi wanapita, na wanaongezwa wawili wenye muda bora kati ya waliobaki, wanakuwa 12 wa nusu fainali. Mashindano ya vijana hurekebisha hesabu hiyo kulingana na waliojitokeza.

Mbio zenyewe hazifiki dakika nne au tano. Shida iko kwenye kungoja. Kati ya mchujo wa asubuhi na robo fainali mtoto anaweza kukaa saa nzima, hata mbili, akiwa amelowa jasho, na nje ni nyuzi kumi na kitu za Selsiasi chini ya sifuri. Tulikuwa na binti mmoja kwenye timu, mwenye nguvu kutuzidi sote. Alimaliza mchujo akabaki nje na jezi ile ile mbichi akiwashangilia wavulana, na robo fainali ilipoanza miguu yake ilikuwa imekwisha kabla ya kilima cha kwanza. Hakuwa mgonjwa, alikuwa amepoa tu. Kwa hiyo mama, mfungie kwenye begi fulana za ndani zaidi ya moja, soksi za akiba, kofia ya pili na glovu za pili. Akivuka mstari, kabla ya picha na kabla ya kuuliza nafasi yake, avue kilicholowa na kuvaa kikavu. Pamba iache nyumbani, inashika maji. Sufu au vitambaa vya michezo ndivyo.

Na nywele, maana hili kocha hatakwambia. Rasta nene hazikai chini ya kofia ya mbio, na jasho likiganda kwenye nywele kichwa kizima kinauma. Mimi nilikuwa nasukwa mistari iliyolala nyuma, ile kwetu tunaita twende kilioni, siku moja kabla ya safari. Kofia inakaa, masikio yanafunikwa, basi.

Kuhusu baridi yenyewe: FIS haianzishi mbio kama sehemu ya baridi zaidi ya njia imepita nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, na waandaaji wa vijana nao wana mipaka yao, muulize kocha mpaka wa mashindano hayo. Mwili unaokimbia unajitengenezea joto la kutosha. Vinavyohitaji ulinzi ni vidole, masikio, pua na mashavu. Utaona hata wakimbiaji wakubwa wamebandika plasta pana mashavuni. Baada ya mbio atakohoa, na huenda akahisi ladha ya chuma mdomoni. Hewa kavu ya baridi inawasha njia za pumzi, na kwa wengi inatulia baadaye. Lakini kifua chake kikitoa mlio kama filimbi anapopumua, au kikohozi hakimwachi siku zinazofuata, mpeleke kwa daktari bila kungoja. Pumu ni ya kawaida kwenye mchezo huu kuliko watu wanavyodhani, na ina dawa. Skafu nyembamba mdomoni wakati wa kupasha misuli inasaidia.

Chakula: saa mbili au tatu kabla ya kuanza, ale kitu anachokijua. Hapa sisi tuna faida. Uji mzito wenye sukari na chumvi kidogo ulinibeba kuliko vile vitafunwa vya kwenye pakiti. Chai ya moto yenye sukari kwenye chupa, ndizi, chapati ya kukata vipande. Jumamosi jioni wali mwingi, maana Jumapili haitamhurumia. Kwenye baridi mtu hasikii kiu, kwa hiyo usimuulize kama ana kiu. Mpe kikombe anywe.

Jumapili ni masafa. Kwa umri wake huenda ikawa kilomita tano, kila mmoja akiachiwa baada ya sekunde 30. Anasimama kwenye kijilango, mlio unahesabu, anaondoka. Akiondoka zaidi ya sekunde tatu kabla ya muda wake ni kosa la kuanza. Njiani akisikia mtu nyuma yake anapaza sauti kuomba njia, ampishe mara moja, na yeye akimfikia mtu ana haki ya kuomba vivyo hivyo. Mfundishe asione haya kuomba, mabinti zetu tumewalea kwa upole mwingi sana.

Miguu ya Jumapili ni mizito tangu hatua ya kwanza. Kope zinaganda, makamasi yanatiririka, mikono inawaka. Lakini kuna mahali, kwangu ilikuwa baada ya kilima kirefu, pumzi inajipanga yenyewe, ski inashika na kuachia kama inavyotakiwa, na unasikia miti, theluji na fimbo zako tu. Nimekimbia riadha na nimecheza netiboli, na sikukipata kitu hicho kwingine. Natamani kila mtoto wetu aliyeletwa huku akakuta miezi mitano ya theluji akipate.

Sasa hofu ya kuwa wa mwisho. Katika mbio za kuachiwa mmoja mmoja, anayevuka mstari hajulikani ni wa ngapi. Watu wanamwona binti anavuka, wanapiga kengele, basi. Nafasi inajulikana kwenye orodha baadaye, na msimu wa kwanza itakuwa chini. Asome muda wake dhidi ya muda wake mwenyewe wa mbio zilizopita. Na kwa kuwa umesema kwenu ni Eldoret, msimulie habari za Philip Boit, mtu wa huko huko, mkimbiaji wa mbio za kati aliyeanza kujifunza ski Finland mwaka 1996. Kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, kilomita 10 klasiki, alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway aliyechukua dhahabu. Dæhlie alikaa kwenye baridi akimngoja mstarini, akamkumbatia. Boit alirudi tena Olimpiki 2002 na 2006, na mwanawe akampa jina la Dæhlie. Sisi watoto wa Afrika kwenye ski tuna mkubwa wetu, na ni wa kwenu.

Sitakuficha kwamba huenda akawa Mwafrika peke yake kwenye uwanja mzima. Mimi nilikuwa hivyo. Nilitazamwa, na niliulizwa maswali mengi, lakini watu wa ski wa huku wengi ni wakarimu, na hapo kilimani kila mtu anashangilia mtoto wa kila mtu. Jimbo hili linaupenda mchezo huu kwa dhati. Jessie Diggins, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki 2018 pamoja na Kikkan Randall, ni wa Afton, karibu tu na Saint Paul. Februari 2024 Kombe la Dunia la ski lilikuja Theodore Wirth Park, Minneapolis, katika majira ambayo theluji ya asili ilikuwa adimu sana. Walishindana juu ya theluji iliyotengenezwa kwa mashine, na umati ulijaa hata hivyo.

Ninyi wazazi mkifika, msikae mstarini pa kumalizia. Nendeni kwenye kilima kigumu kuliko vyote, muulize kocha kiko wapi, mvae buti nzito, na mumwite kwa jina. Mama yangu alipiga vigelegele. Wazazi wengine na kengele zao waligeuka kutazama, mimi nikapanda kilima kile kwa nguvu ambayo sikuwa nayo. Msimpe maelekezo ya mbinu, hiyo ni kazi ya kocha. Baada ya mbio mpokee na koti na chai, na maswali yangoje kwenye gari.

Mwisho, gharama. Usinunue mpya msimu huu. Timu nyingi za shule zinakodisha vifaa kwa bei ndogo, na kila vuli kuna mauzo ya ski zilizotumika. Ukienda, jua uzito wake, maana ski za klasiki huchaguliwa kwa uzito kuliko urefu: zikiwa ngumu mno hatazibonyeza, zikiwa laini mno nta itaburuza. Viatu ajaribu na soksi atakayovaa siku ya mbio.