Muulize Mama Picha: Veli imekatwa kama kwa mkasi

SWALI: Shikamoo Mama. Nina duka dogo la steshenari na picha hapa Korogwe. Kuna mama ameniletea picha ya binti yake siku ya harusi, amesimama ukumbini mbele ya pazia la kijani. Anataka nimtoe, nimweke peke yake kwenye kadi ya shukrani. Natumia Photoshop. Nimejaribu vifaa vyake vya kuchagulia, kijiti na kamba, hata kile kitufe kinachomtafuta mtu chenyewe. Mwili unatoka safi, ila veli inakuwa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi, nywele kama kofia ya bodaboda, na pembeni kote kuna ufito wa kijani. Mama anapita kila jioni akitoka sokoni. Nifanyeje?
Fundi mdogo, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa huyo mama wa kila jioni. Hapa Moshi ninao wawili.

Kinachokuponza ni kuwaamini wale siafu, yaani vile vidoti vinavyotembea kuzunguka ulichochagua. Unaviona, unadhani huo ndio mpaka: ndani kimechukuliwa, nje kimeachwa. Sivyo. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ina namba yake, kuanzia 0 ambayo haikuchaguliwa kabisa, hadi 255 iliyochaguliwa yote, na siafu hupita pale tu namba inapofika nusu. Neti ya veli inayoonyesha pazia kwa nyuma iko chini ya hapo, kwa hiyo siafu wanaipita kama haipo. Bonyeza Q kwenye kibodi (wanaotumia programu ya GIMP, Shift na Q) uone: kisichochaguliwa kinafunikwa wekundu, kilichochaguliwa nusu kinakuwa na wekundu hafifu. Hapo ndipo utajua umechagua nini.

Wekundu huo una asili. Baba yangu alikuwa na studio enzi za filamu, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kupaka rangi nyekundu nzito kwenye negativu kumzunguka mtu, kwa brashi yenye nywele tatu nne. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haisikii mwanga mwekundu, kwa hiyo pale nilipopaka, karatasi ilibaki nyeupe. Nikipitiliza kidogo, mteja anakosa sikio. Lakini nywele sikuweza kuzifuata moja moja, nawe usijaribu.

Ziache zijichague. Fungua chaneli za picha, yaani picha ileile iliyogawanywa kwa rangi zake, nyekundu, kijani na bluu, uzitazame moja moja. Katika chaneli nyekundu pazia lako la kijani litakuwa jeusi na veli itang'aa. Inakili chaneli hiyo, usiiguse yenyewe; nakala ndiyo itakayochagua, cheupe kimechukuliwa, cheusi kimeachwa. Kwenye nakala bonyeza Ctrl na L, sogeza kile kidude cheusi mpaka pazia life kabisa, kisha acha mikono. Vijana wengi hapa huendelea kuvuta na kile cheupe mpaka veli iwe nyeupe pe, na hapo wanairudisha ile karatasi ya mkasi. Kijivu kinachobaki ndicho kipimo cha uwazi wa neti: penye mkunjo mzito cheupe, penye tabaka moja kijivu. Kilinde.

Nywele zinataka kinyume chake. Nenda chaneli ya kijani, ambako pazia ni jeupe na nywele nyeusi, inakili, safari hii vuta kidude cheupe mpaka pazia liwe jeupe, halafu geuza kwa Ctrl na I. Mikunjo ya pazia itaacha madoa. Yapake nyeusi yaliyo mbali na nywele. Katika nakala zote mbili paka uso na mwili nyeupe kwa brashi, la sivyo bibi harusi atatoka na mashimo ya macho kama mzimu. Kisha shika Ctrl ubofye nakala ya kwanza, Ctrl na Shift ubofye ya pili, rudi kwenye leya yako, yaani tabaka lenye picha, uweke maski, kile kifuniko kinachoficha kisichochaguliwa.

Ufito wa kijani utabaki kidogo, kwa sababu pazia limeonekana kupitia neti, rangi yake imo ndani ya veli yenyewe. Bonyeza Ctrl na U, chagua kijani peke yake, ushushe ukali wake. Lakini kwanza zungushia veli na nywele tu. Mimi niliwahi kusahau, nikamkabidhi bibi harusi mmoja shada lenye majani ya kijivu, na ni shangazi yake aliyeliona, mbele ya watu.

Kile kitufe kinachomtafuta mtu si kibaya. Kitumie kwa mwili na mikono, hapo kinakuokolea nusu saa. Neti ndiyo inayokishinda.

Mengine mawili kabla hujaanza. Kama picha ililetwa kwa WhatsApp, mwombe mama ile ya kamera yenyewe. Ikishabanwa, rangi huhifadhiwa kwa vipimo vidogo kuliko mwanga, ndiyo maana kijani kinatambaa hadi kwenye nywele. Na umshawishi aachane na kadi nyeupe. Veli nyeupe uliyoihangaikia hivyo, juu ya nyeupe haionekani. Mwonyeshe damu ya mzee, au bluu ya usiku, atakubali mwenyewe.

SWALI: Assalaam alaikum Mama. Nimetoa nembo ya duka letu vizuri kabisa, lakini nikihifadhi inarudi na mraba mweupe nyuma. Kompyuta ina virusi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam. Haina. Umehifadhi kwa JPEG, ambayo haijui uwazi, kwa hiyo inajaza nyeupe. Hifadhi kwa PNG. Ukimtumia mtu wa kuchapa kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha, kwani ikipita kama picha inageuzwa JPEG njiani na mraba wako unarudi. Na ile faili yenye leya usiifute. Mwenye duka atataka kubadilisha namba ya simu wiki ijayo.