Ukitaka kurusha helikopta ya rimoti, anza na bisibisi

Asubuhi nyingi nikiwa uwanjani huku Kigamboni, watoto hukusanyika na swali lao ni lile lile: "Anko, hii inabeba mtu?" Wakishatawanyika, hubaki mtu mzima mmoja pembeni. Huyo haulizii abiria, anauliza bei. Anataka kuagiza ya kwake wiki hiyo hiyo. Nimeshaongea na watu wa namna hiyo mara nyingi kiasi kwamba nimeona niyaandike yale ninayowaambia.

Jambo la kwanza, usiichanganye na droni. Droni ya panga nne ukiiachia inatulia hapo hapo, kwa sababu ina kompyuta na setilaiti zinazoijulisha ilipo. Helikopta ya rimoti ya kawaida ina jairo tu, yaani kifaa kinachohisi mzunguko. Jairo linazuia mkia usizunguke na mwili usiyumbe ovyo, lakini halijui kama imesogea hatua tatu kuelekea kwenye mwembe. Kuiweka mahali pamoja ni kazi ya vidole vyako, kila sekunde, bila kupumzika. Ndiyo maana naipenda.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: nunua vipande, uunge mwenyewe. Mimi sikufanya hivyo. Yangu ya kwanza ilikuwa ya ukubwa wa 450, ile yenye panga mbili za milimita 325 na betri ya seli tatu, na niliichukua ikiwa imeshaungwa. Wiki ya tatu, ikiwa kama mita mbili juu, mkia ukaanza kuzunguka wenyewe. Sikuelewa kinachotokea mpaka ilipogonga chini. Panga zote mbili zilikatika, shafti kuu ilipinda, bomba la mkia likakunjika. Nilipookota vipande nikakuta kiskrubu kimoja cha mkono unaoamrisha mkia kimechomoka. Kilikuwa kimefungwa kikavu, bila gundi.

Vipuri vilichukua wiki sita kufika. Katika wiki hizo niliifungua yote mpaka skrubu ya mwisho, nikaiunga upya mezani. Siku ile ndipo nilipoanza kuijua. Sasa ikitoa mlio mgeni najua niangalie beringi ipi, na hilo huwezi kulipata kwa kununua kitu kilichofungwa na mkono wa mtu mwingine.

Basi tuseme umeagiza vipande na viko mezani. Tafuta bisibisi nzuri za pembe sita, za milimita 1.5 na 2. Hapa usibanie pesa. Bisibisi mbovu inakula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyoliwa kichwa ndani ya kipande cha chuma ni mateso ya siku nzima. Kila skrubu inayoingia chuma kwa chuma ifute mafuta kwa spiriti, kisha upake gundi ya skrubu ya bluu, ambayo inafunguka tena kwa bisibisi. Nyekundu iache. Mimi huimwaga tone moja kwenye kifuniko cha soda, nikachovya kijiti cha meno na kugusa uzi wa skrubu tu, maana ikizidi inatiririka hadi kwenye beringi na kuigandisha. Skrubu inayoingia kwenye plastiki haitaki gundi hiyo kabisa, kuna plastiki ambazo gundi hiyo huzipasua.

Ukishaunga, kuna marekebisho. Kabla hujaunganisha betri, chomoa nyaya mbili kati ya tatu za mota. Usiseme utakuwa mwangalifu, zichomoe. Kisha weka kijiti cha nguvu katikati: sahani inayoinamisha panga iwe imelala sawasawa, na kipimo cha mlalo kikiwekwa kwenye panga kisome sifuri. Ukipandisha kijiti hadi juu, panga zisome kama digrii 10, ukishusha hadi chini digrii 10 upande wa pili. Pima panga zote mbili. Zikitofautiana hata digrii moja, helikopta nzima itatetemeka kama pangaboi bovu la dukani, na mtetemo huo unalivuruga jairo. Uzito nao: ning'iniza panga mbili pamoja, na upande ulio mwepesi ubandike kipande cha selotepu mpaka zilingane. Kazi hii hunichukua jioni nzima na sijawahi kuijutia.

Hapa nataka unisikilize vizuri. Panga za 450 zinazunguka kama mara 2,800 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ncha yake inapita karibu kilomita 380 kwa saa. Mwaka 2013 kijana wa miaka 19 alikufa mjini New York kwa helikopta yake mwenyewe ya rimoti. Yake ilikuwa kubwa kuliko hii, lakini hii nayo inakata vidole. Mimi sirushi kama kuna mtu karibu ya mita 15, na watoto hukaa nyuma yangu, si pembeni. Swichi ya kukata mota iwe mahali ambapo kidole chako kinaifikia bila kuangalia.

Kuhusu ruhusa, waone TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kabla ya kurusha chochote, na ukae mbali na njia za ndege. Utulivu wa moyo unaoupata ni mkubwa kuliko usumbufu.

Kabla ya uwanja, tumia kompyuta. Kuna programu za kuigiza urushaji zinazounganishwa na rimoti yako halisi. Nilikaa miezi miwili, nusu saa kila usiku, nikivunja helikopta ambazo hazina gharama. Sijui njia nyingine ya kufundisha vidole.

Siku ya kwanza uwanjani, funga miguu ya mazoezi: vijiti viwili vya mwanzi vilivyopishana msalaba chini ya helikopta, na mpira wa ping-pong kila ncha. Isipinduke tu, hiyo ndiyo kazi yake. Simama nyuma, mkia ukikuelekea. Kila mgeni huogopa juu, akajaribu kuishikilia sentimita kumi kutoka ardhini, na hapo ndipo pagumu kuliko popote, kwa sababu upepo wa panga unagonga chini na kurudi ukiisukuma huku na huku. Ipandishe mpaka mita moja na zaidi itulie. Utaona pia imeinama kidogo kulia. Usihangaike kuirekebisha. Panga za juu za helikopta nyingi za namna hii zinazunguka kwa mwendo wa saa, rota ya mkia inaisukuma kushoto, na mwinamo ule ndio unaoizuia isiteleze.

Mimi hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Msimu wa kusi, kufika saa nne upepo umeshakuwa mwingi kwa mtu anayejifunza. Na ufukweni, hata kama panavutia, hapana: mchanga na chumvi vinaua beringi.

Betri zinataka nidhamu. Seli iliyojaa ni volti 4.2. Mimi hutua ikiwa bado ina kama 3.7, ndiyo maana rimoti yangu inapiga kengele dakika ya tano. Ukikaa siku kadhaa bila kurusha, irudishe kwenye 3.8 kwa chaja yenyewe. Niliwahi kuacha mbili zimejaa chumbani, mwezi wa pili, joto la Dar unalijua. Nilizikuta zimevimba kama maandazi. Zikishavimba usizichaji tena, zinaweza kuwaka. Mimi huchajia nje, juu ya tofali, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, na siondoki mpaka zijae.

Ukishaweza kuishikilia hewani mkia ukikuelekea, igeuze ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Kaa hapo wiki kadhaa. Baadaye igeuze ikutazame usoni. Hapo kila kitu kinageuka: ukisukuma kulia inakwenda kushoto kwako, na mikono iliyokuwa imezoea inakosea wakati mmoja. Mimi nilijifunza kwa kusogeza kijiti upande ule ambao duara la panga za juu limeinamia, kama mtu anayeweka gogo chini ya ukuta unaoanguka. Ilinichukua miezi minne. Asubuhi ile ilipokaa mbele yangu dakika nzima, pua ikiniangalia, niliitua polepole, nikakata mota, nikakaa chini kwenye majani mpaka panga ziliposimama.